Maziwa ya Kopo ya Watoto Wachanga: Sheria, Vipimo na Mipaka Yake

Maziwa ya unga ya watoto wachanga hayafanani na chakula kingine chochote kiuzwacho dukani. Mtu mzima aliyekula kitu kibaya asubuhi hula kingine mchana. Mtoto wa miezi miwili asiyenyonya hutegemea kopo lilelile kila anapolishwa, usiku na mchana, wiki baada ya wiki. Kirutubisho kimoja kikikosekana, hakuna mlo mwingine wa kufidia. Sumu ikiingia, hata kwa kiasi kidogo, hujirudia katika kila chupa. Na mwili unaoipokea ni mchanga: figo na ini havijakomaa, na kinga dhidi ya maradhi bado ni dhaifu. Kwa sababu hizo serikali nyingi zimeyatenga maziwa haya na vyakula vingine, zikayawekea masharti makali kuliko yale ya unga, mafuta ya kupikia au maziwa ya kawaida ya ng'ombe.

Shirika la Afya Duniani (WHO) linapendekeza mtoto anyonye maziwa ya mama peke yake kwa miezi sita ya kwanza. Hata hivyo, wapo watoto waliofiwa na mama zao, wapo ambao mama zao wanatumia dawa zisizoruhusu kunyonyesha, na wapo wachache waliozaliwa na maradhi yanayowazuia kutumia maziwa ya mama. Kwa watoto hao kopo ndilo tegemeo la uhai, na familia zao hazina namna ya kuupima unga ule zenyewe. Kazi hiyo imeachiwa serikali na viwanda, na historia inaonyesha kwamba haikuanza kufanywa vizuri mpaka watoto walipokufa.

Sheria zilizotokana na maafa

Katika kiangazi cha mwaka 1955, watoto wachanga wa magharibi mwa Japani walianza kupata homa, kuharisha, kuvimba tumbo na kubadilika rangi ya ngozi. Uchunguzi uliwafikisha madaktari kwenye maziwa ya unga ya kampuni ya Morinaga, yaliyotengenezwa katika kiwanda chake cha Tokushima. Kiwanda kilikuwa kikitia fosfeti ya sodiamu ili maziwa yasigande, na shehena iliyotumika ilikuwa na aseniki ndani yake. Zaidi ya watoto 12,000 waliathirika na 130 walifariki. Shirika la reli la Japani lilikuwa limeipima kemikali ya chanzo hichohicho, iliyokusudiwa kusafishia matangi ya injini za mvuke, likaikataa. Kemikali iliyokataliwa na injini ikaingia katika chakula cha watoto kwa sababu hakuna aliyeipima mlangoni mwa kiwanda. Funzo la Japani lilikuwa kwamba kila kiungo lazima kipimwe kabla ya kuchanganywa, hata kama kinatiwa kwa kiasi kidogo sana.

Marekani ilipata funzo la aina nyingine. Mwaka 1978 kampuni ya Syntex ilibadilisha mchanganyiko wa maziwa yake mawili ya soya, Neo-Mull-Soy na Cho-Free, na kuacha kuyatia chumvi. Kwa kufanya hivyo iliondoa pia kloridi, madini ambayo mwili wa mtoto hauwezi kukua bila hayo. Mwaka uliofuata madaktari waliwagundua watoto wasiokua, wasiotaka kula, na ambao damu yao ilikuwa imepoteza uwiano wake wa kemikali. Zaidi ya watoto 100 walitambuliwa. Maziwa yale hayakuwa na sumu wala vimelea. Yalipungukiwa tu na kitu kimoja. Wazazi walipeleka malalamiko yao hadi bungeni, na tarehe 26 Septemba 1980 Rais Jimmy Carter alitia saini sheria maalumu ya maziwa ya watoto wachanga. Sheria hiyo iliorodhesha virutubisho vya lazima na viwango vyake, na kuvitaka viwanda vitunze kumbukumbu na kuondoa sokoni bidhaa yenye kasoro. Marekebisho ya mwaka 1986 yaliongeza sharti la kupima virutubisho katika kila toleo, yaani kila kundi la makopo lililotengenezwa kwa pamoja.

Maafa makubwa kuliko yote yalitokea China mwaka 2008. Maziwa ghafi yalikuwa yakinunuliwa kwa kuangalia kiasi cha protini, na baadhi ya wakusanyaji walikuwa wakiyaongeza maji ili yawe mengi. Maji hushusha protini. Ili kuficha udanganyifu huo waliongeza melamini, kemikali ya kutengenezea plastiki. Kipimo cha protini kilichotumika hakikuona protini yenyewe. Kilipima naitrojeni kisha kukadiria protini kutokana nayo. Melamini ina naitrojeni kwa takriban theluthi mbili ya uzito wake, kwa hiyo maziwa yaliyoongezwa maji yalionekana kuwa bora. Ndani ya figo za watoto, melamini iliungana na asidi ya yuriki ikawa mawe. Takriban watoto 300,000 waliugua na sita walitajwa rasmi kuwa wamefariki.

Kampuni iliyokuwa katikati ya kashfa hiyo, Sanlu ya mji wa Shijiazhuang, ilikuwa imepewa hadhi ya kutokaguliwa na serikali kwa sababu ya sifa yake nzuri. Malalamiko ya wazazi yalianza kufika mwishoni mwa mwaka 2007, lakini tangazo la hadharani halikutolewa mpaka Septemba 2008, baada ya serikali ya New Zealand, nchi yenye kampuni iliyomiliki hisa katika Sanlu, kuwasiliana moja kwa moja na Beijing. China ilifuta utaratibu wa kusamehe kampuni ukaguzi mwezi huohuo, na mwaka 2009 ikaanza kutumia sheria mpya ya usalama wa chakula. Nchi nyingi zilifunga milango kwa maziwa kutoka China, zikiwemo Tanzania na Burundi.

Maafa hayo matatu yanaonyesha njia tatu za hatari: sumu inayoingia kwa bahati mbaya, kirutubisho kinachosahaulika, na udanganyifu wa makusudi. Kila moja inahitaji kipimo chake, na hakuna kipimo kimoja kinachozikamata zote.

Nini hutafutwa ndani ya kopo

Msingi wa kanuni za nchi nyingi ni viwango vya Codex, tume iliyoundwa mwaka 1963 na Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO) pamoja na WHO. Kiwango cha Codex cha maziwa ya watoto wachanga kilipitishwa mwaka 1981 na kufanyiwa marekebisho makubwa mwaka 2007. Codex haina polisi wala mahakama. Viwango vyake huwa na nguvu nchi inapoviingiza katika sheria zake, au vinapotumika kuamua migogoro ya biashara kati ya nchi na nchi.

Kundi la kwanza la vipimo ni la lishe. Codex inataka maziwa yaliyo tayari kunywewa yawe na nishati ya kilokalori 60 hadi 70 kwa kila mililita 100, na protini isiyopungua gramu 1.8 wala kuzidi gramu 3 kwa kila kilokalori 100. Vitamini na madini navyo vina kiwango cha chini, na baadhi vina kiwango cha juu, kwa sababu vitamini A au vitamini D vikizidi vinaweza kumdhuru mtoto. Umuhimu wa vipimo hivi ulionekana tena mwaka 2003 nchini Israeli, pale maziwa ya soya ya kampuni ya Remedia, yaliyotengenezwa Ujerumani, yalipogunduliwa kuwa karibu hayana vitamini B1 ingawa lebo iliitaja. Watoto walifariki, na wengine wakabaki na ulemavu wa ubongo.

Kundi la pili ni la kemikali. Hapa hutafutwa metali nzito kama risasi, mabaki ya dawa za kuulia wadudu shambani, na kemikali zinazotokana na usindikaji au vifungashio. Mwaka 2014 Codex ilipunguza kiwango cha juu cha risasi katika maziwa haya, kutoka miligramu 0.02 hadi miligramu 0.01 kwa kilo ya maziwa yaliyokorogwa, kwa sababu wataalamu waliona hakuna kiasi cha risasi kinachoweza kuitwa salama kwa ubongo unaokua. Kwa melamini, Codex iliweka mwaka 2010 kikomo cha miligramu 1 kwa kilo ya unga. Kikomo hicho hakimruhusu mtu kuitia makusudi. Kinazingatia mabaki madogo sana yanayoweza kutoka katika vifaa na vifungashio.

Katika kundi hili imo sumukuvu, jina ambalo wakulima wa Afrika Mashariki wanalifahamu kwa uchungu kutokana na vifo vilivyosababishwa na mahindi yaliyoota ukungu. Ng'ombe akila chakula chenye sumukuvu, sehemu ya sumu hiyo hugeuka ndani ya mwili wake na kutoka katika maziwa. Kuchemsha hakuiondoi. Umoja wa Ulaya unaruhusu mikrogramu 0.05 za sumukuvu ya aina hiyo kwa kilo ya maziwa ya kawaida, lakini kwa maziwa ya watoto wachanga umeishusha hadi mikrogramu 0.025. Codex inaruhusu hadi mikrogramu 0.5 katika maziwa ya kawaida, mara 20 ya kiwango cha Ulaya cha maziwa ya watoto. Tofauti hizo zinaonyesha kwamba kiwango ni uamuzi wa umma unaopima afya ya mtoto dhidi ya yale ambayo wafugaji na viwanda vya nchi vinaweza kuyatimiza.

Kundi la tatu, na ndilo gumu kuliko yote, ni la vimelea.

Unga usio tasa

Wazazi wengi huamini kwamba unga uliofungwa ndani ya kopo la bati hauna kiumbe hai hata kimoja. Sivyo. Maziwa ya watoto yaliyo tayari kunywewa, yanayouzwa yakiwa ya maji, yanaweza kutiwa joto kali hadi yakawa tasa. Unga hauwezi kufanyiwa hivyo bila kuharibika. Maziwa hupashwa moto yakiwa bado ya maji, na joto hilo huua bakteria wa hatari. Kisha hupulizwa katika mnara wenye hewa ya moto na kukauka yakawa unga. Hatari huanza baada ya hapo. Unga hupozwa, hupitishwa katika mabomba, huchanganywa na vitamini, sukari ya maziwa na viungo vingine ambavyo havijapashwa moto pamoja nao, kisha hufungashwa. Bakteria akiingia katika hatua hizo, hakuna tena moto wa kumuua mpaka unga ufike jikoni kwa mzazi.

Bakteria wawili ndio huogopwa zaidi. Wa kwanza ni Salmonella, ambaye huwaharisha watu wazima lakini huweza kumuua mtoto mchanga. Wa pili ni Cronobacter, ambaye zamani aliitwa Enterobacter sakazakii na kupewa jina la sasa mwaka 2007. Ugonjwa wa Cronobacter ni nadra, lakini anapompata mtoto wa chini ya miezi miwili, hasa mtoto njiti, huweza kuingia katika damu na kusababisha homa ya uti wa mgongo. Wengi wa wanaopata homa hiyo hufa au hubaki na madhara ya kudumu katika ubongo. Bakteria huyu ana uwezo wa ajabu wa kustahimili ukavu: anaweza kuishi ndani ya unga kwa zaidi ya mwaka akisubiri maji. Unga ukikorogwa kwa maji ya uvuguvugu na chupa ikaachwa mezani, huanza kuongezeka upesi.

Mwaka 2001, katika chumba cha uangalizi maalumu wa vichanga cha hospitali moja ya Tennessee, Marekani, mtoto mmoja alifariki kwa homa ya uti wa mgongo iliyosababishwa na bakteria huyu, na uchunguzi ulimkuta ndani ya maziwa ya unga aliyokuwa akilishwa. Tukio hilo liliwafanya FAO na WHO wakutanishe wataalamu mwaka 2004 na tena mwaka 2006. Matokeo ya mikutano hiyo yalikuwa mwongozo wa usafi wa Codex wa mwaka 2008, ambao mpaka leo ndio kipimo cha viwanda vingi duniani.

Hesabu ya sampuli

Mwongozo huo unataka kila toleo lichukuliwe sampuli 30 za gramu 10 kila moja kwa ajili ya Cronobacter, na sampuli 60 za gramu 25 kwa ajili ya Salmonella. Sampuli zote lazima ziwe safi. Moja ikionyesha bakteria, toleo zima halitoki. Marekani iliweka sharti kama hilo katika kanuni zake za mwaka 2014, na Umoja wa Ulaya una idadi hiyohiyo ya sampuli za Cronobacter katika kanuni zake za vimelea vya chakula, ingawa kwa Salmonella unataka sampuli 30.

Masharti hayo yanasikika kuwa makali, na kwa kweli ni makali. Lakini sampuli 30 za gramu 10 ni gramu 300 tu, na toleo moja linaweza kuwa la tani nyingi. Bakteria katika unga mkavu hawaenei sawasawa kama chumvi iliyoyeyuka katika mchuzi. Hukaa katika vijipande hapa na pale. Hesabu ya kawaida ya uwezekano inaonyesha maana yake. Ikiwa sehemu 10 kati ya kila 100 za unga zina Cronobacter, sampuli 30 zitamnasa karibu mara 96 kati ya 100. Ikiwa ni sehemu moja kati ya 100, sampuli zote zitatoka safi karibu mara 74 kati ya 100. Ikiwa ni sehemu moja kati ya 1,000, toleo litapita karibu mara 97 kati ya 100.

Kwa maneno mengine, kipimo cha mwisho hukamata kiwanda kilichochafuka sana. Uchafu mdogo uliotawanyika hukipita kwa urahisi, na uchafu wa namna hiyo ndio unaopatikana mara nyingi zaidi. Kuongeza sampuli husaidia kidogo tu, na kuupima unga wote haiwezekani kwa sababu unga uliopimwa hauwezi kuuzwa tena. Kwa hiyo cheti kinachosema "Cronobacter hakuonekana" kina maana finyu: hakuonekana katika gramu 300 zilizopimwa.

Kuna kikomo kingine. Kipimo hupata kile tu kinachotafutwa. Novemba 2025 kampuni ya ByHeart ya Marekani iliondoa sokoni maziwa yake yote baada ya makumi ya watoto kupata ugonjwa wa botulismo unaolegeza misuli. Mbegu za bakteria wa ugonjwa huo hazimo katika orodha ya vimelea ambavyo kanuni za Marekani zinalazimisha kupimwa kwa kila toleo. Mwaka 2013 ilitokea kinyume chake: kampuni ya Fonterra ya New Zealand ilitangaza kwamba protini yake ya maziwa huenda ina bakteria huyo, bidhaa zikaondolewa katika nchi kadhaa, kisha maabara zikagundua alikuwa jamaa yake asiye na sumu. Kipimo kinaweza kukosa hatari iliyopo na kutangaza hatari isiyokuwepo.

Ukaguzi wa kiwanda

Kwa kuwa kopo lenyewe haliwezi kuthibitishwa kikamilifu, uzito wa udhibiti umehamia kiwandani. Mkaguzi mzuri haanzi na unga. Huanza na sakafu, mifereji, matundu ya hewa, viatu vya wafanyakazi na nyufa za mashine. Adui mkubwa wa kiwanda cha unga ni maji. Pasipo na unyevu Cronobacter na Salmonella hulala. Tone moja linalovuja juu ya unga uliomwagika huwapa nafasi ya kuzaliana. Ndiyo sababu viwanda bora husafishwa kwa kufagia na kufyonza vumbi badala ya kumwagia maji, na eneo la unga mkavu hutengwa na maeneo mengine kwa milango, mavazi na mkondo wa hewa wake. Sampuli huchukuliwa kila siku kwenye sakafu na mashine, na kuonekana kwa bakteria wa ukoo mpana wa Enterobacteriaceae, hata wasio na madhara, huchukuliwa kuwa onyo kwamba njia imefunguka.

Mkasa wa kiwanda cha Craon nchini Ufaransa unaonyesha gharama ya onyo lisilotolewa. Desemba 2017 kampuni ya Lactalis ililazimika kuondoa sokoni maziwa ya watoto baada ya makumi ya vichanga kuugua Salmonella wa aina ya Agona. Mwishowe makopo milioni 12 yalirudishwa kutoka nchi 83. Wanasayansi wa Taasisi ya Pasteur waligundua kwamba ukoo huohuo wa bakteria ulikuwa umewaambukiza watoto zaidi ya 100 mwaka 2005 kupitia maziwa ya kiwanda hichohicho, kabla Lactalis haijakinunua. Bakteria walikuwa wamejificha ndani ya jengo kwa miaka 12. Kampuni yenyewe ilikuwa imewaona kwenye sakafu na vifaa vya usafi miezi michache kabla ya tangazo, lakini sheria ya wakati huo haikuilazimu kuiarifu serikali kuhusu uchafu wa mazingira ya kiwanda ilimradi unga umepimwa ukaonekana safi. Mwaka 2018 Ufaransa ilibadilisha sheria, na matokeo ya aina hiyo sasa lazima yaripotiwe.

Marekani ilipitia mtihani wake mwaka 2022 katika kiwanda cha Abbott kilichopo Sturgis, jimbo la Michigan. Watoto wanne waliokuwa wamelishwa maziwa ya kiwanda hicho waliugua Cronobacter na wawili kati yao walifariki. Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani (FDA) iliingia kiwandani tarehe 31 Januari na kumkuta bakteria huyo katika sehemu kadhaa za mazingira, pamoja na kumbukumbu za nyufa na vishimo katika mashine za kukaushia. Tarehe 17 Februari kampuni ilitangaza kuondoa bidhaa sokoni. Ulinganisho wa vinasaba haukuoanisha bakteria wa kiwandani na wale wa watoto ambao sampuli zao zilipatikana, na kampuni ilisisitiza kwamba hakuna unga uliouzwa ambao vipimo vyake vilionyesha kimelea. Kwa mwanga wa hesabu ya sampuli, hoja zote mbili zinaweza kuwa kweli na bado kiwanda kikawa hakifai kutengeneza chakula cha watoto.

Udhaifu wa mamlaka nao ulifichuka. Mtumishi mmoja wa zamani wa kiwanda alikuwa ameandika malalamiko marefu Oktoba 2021, lakini hayakuwafikia wakuu wa mamlaka mpaka miezi kadhaa baadaye. Na kwa kuwa kiwanda kile kilitoa sehemu kubwa ya maziwa ya nchi nzima, kufungwa kwake kuliacha rafu tupu. Serikali ilituma ndege za kijeshi kuleta maziwa kutoka Ulaya, na watoto wenye maradhi yanayohitaji maziwa maalumu walilazwa hospitalini kwa kuyakosa. Tangu hapo udhibiti wa Marekani unaangalia mambo mawili kwa pamoja: usafi wa kila kiwanda, na hatari ya taifa kutegemea viwanda vichache. Mwaka 2024 ugonjwa wa Cronobacter kwa watoto wachanga uliingizwa katika orodha ya magonjwa yanayoripotiwa kitaifa, jambo ambalo kabla ya hapo lilifanywa na majimbo machache sana.

Kopo linapofika Afrika Mashariki

Sehemu kubwa ya maziwa ya watoto wachanga yanayouzwa Afrika Mashariki hutoka nje, kwa hiyo mamlaka za hapa hazina nafasi ya kukagua sakafu ya kiwanda kila siku. Zinategemea mambo manne: viwango vya kitaifa na vya Jumuiya ya Afrika Mashariki vilivyojengwa juu ya Codex, usajili wa bidhaa, ukaguzi kabla shehena haijasafirishwa, na sampuli zinazochukuliwa bandarini na madukani. Kenya ina Shirika la Viwango (KEBS) na Uganda ina UNBS. Kwa Tanzania Bara, kazi hiyo ilikuwa ya Mamlaka ya Chakula na Dawa (TFDA) mpaka mwaka 2019, udhibiti wa chakula ulipohamishiwa Shirika la Viwango Tanzania (TBS).

Sheria za eneo hili zimeunganisha usalama na uuzaji. Mwaka 1981 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha kanuni za kimataifa za biashara ya vyakula mbadala wa maziwa ya mama, kwa kura 118 dhidi ya moja ya Marekani. Kanuni hizo zinakataza kuyatangaza maziwa hayo kwa umma, kuwapa akina mama sampuli za bure, na kutumia picha zinazoyafanya yaonekane bora kuliko maziwa ya mama. Tanzania ilitunga kanuni zake mwaka 1994, na Kenya ikapitisha sheria kamili mwaka 2012. Makatazo hayo yanahusu usalama moja kwa moja. Pale ambapo maji safi na kuni au gesi ni vya shida, kila familia inayoshawishiwa kuacha kunyonyesha bila sababu ya kitabibu huingizwa katika hatari ambayo maabara ya kiwanda haiwezi kuiondoa.

Udhibiti wote huu hutegemea namba ya toleo iliyochapwa kwenye kopo. Tangazo la kuondoa bidhaa sokoni linapotoka, namba hiyo ndiyo inayomwambia mzazi kama kopo lake limo au halimo. Unga uliofunguliwa na kupimiwa mteja katika mfuko wa plastiki hupoteza namba hiyo, pamoja na tarehe ya mwisho wa matumizi na maelekezo ya kukoroga. Kopo linaloingizwa nchini kwa njia za panya nalo halimo katika daftari la mamlaka yoyote, na tangazo halitamfikia aliyelinunua. Hata penye kumbukumbu nzuri kazi haikamiliki yenyewe: nchini Ufaransa makopo ya Craon yaliendelea kuuzwa katika maduka makubwa baada ya amri ya kuyaondoa.

Hatua ya mwisho ya usalama

Kwa kuwa unga si tasa, FAO na WHO waliihesabu jikoni kuwa sehemu ya mfumo wa udhibiti. Mwongozo wao wa mwaka 2007 unataka maji yachemshwe, kisha unga ukorogwe kabla maji hayajapoa chini ya nyuzi joto 70 za Selsiasi. Maji yaliyochemka yasiachwe zaidi ya nusu saa kabla ya kutumika. Joto la nyuzi 70 huua Cronobacter na Salmonella ambao huenda walipenya vipimo vyote vya kiwandani. Baada ya kukorogwa, chupa hupozwa haraka kwa kuiweka katika maji baridi, na maziwa hujaribiwa kwenye kifundo cha mkono kabla ya kupewa mtoto. Maziwa yasiyonywewa ndani ya saa mbili humwagwa. Yakilazimika kutayarishwa mapema, huwekwa kwenye friji yenye nyuzi zisizozidi 5 na kutumika ndani ya saa 24. Chupa na chuchu huoshwa kwa sabuni na kuchemshwa, na kijiko cha kopo hukaa kikavu. Baadhi ya maziwa maalumu yana viungo visivyostahimili joto hilo, na hayo hutayarishwa kwa maelekezo ya daktari. Kwa watoto njiti na wenye kinga dhaifu, maziwa tasa ya maji hupendelewa pale yanapopatikana.

Mtoto aliyelishwa maziwa ya kopo akipata homa, akikataa kula, akilegea au kushtukashtuka, anahitaji kufikishwa hospitalini bila kuchelewa, na kopo lililotumika lihifadhiwe likiwa na unga uliobaki. Bila kopo hilo, daktari hana cha kulinganisha na bakteria atakayempata katika damu ya mtoto, na mamlaka haina pa kuanzia kutafuta watoto wengine waliokula toleo lilelile.